MAUMIVU YA MTOTO YATAKA USHAHIDI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baadu. Tumeulizwa mara nyingi, nasi tupo hapa Didia katika nchi ya Shinyanga, khabari za mtoto aumwaye mifupa na viungo bila ya kuanguka wala kupigwa. Leo ni mkono, mwezi ujao mguu, kisha mgongo na kifua. Hulia usiku kucha, na siku ya tano au ya sita akaamka akacheza na wenziwe kana kwamba hakuwa na kitu. Wazazi wamekwisha kumpeleka zahanati, wakapewa dawa ya malaria. Wamempeleka kwa mganga, wakaambiwa ni mkono wa mtu. Wamemleta chuoni, akaandikiwa kombe. Na maumivu yarudi. Wauliza: Hii ni nini, na imetupasa kufanya nini?

Jawabu la suali hili halitoki kwa neno moja wala kwa siku moja, na sisi si matabibu hata tukaandika dawa. Lakini liko jambo ambalo mwalimu wa chuo aweza kulisema kwa yakini, kwa kuwa ni jambo la hukumu kabla ya kuwa jambo la tiba. Aliyesoma vitabu vyetu vya fiqhi katika mlango wa kadhi na mashahidi ajua kwamba mdai hapewi kwa madai yake tu. Hutakiwa bayyina. Basi jina la maradhi nalo ni madai. Asemaye "mtoto huyu ana kitu fulani" amedai, awe ni mganga, au mwalimu, au mwenye koti jeupe, na mzazi ana haki ya kumwuliza kwa adabu: Umejuaje?

Tazama majina anayopewa mtoto huyu katika vijiji vyetu. Mmoja asema ni baridi yabisi. Wa pili asema ni chango. Wa tatu amshika tumbo upande wa kushoto, aona uvimbe, asema ni bandama, na huenda akachukua wembe akamchanja chale juu yake. Mtoto mchanga mwenye homa aliyekataa ziwa huambiwa ana meno ya plastiki, akachimbwa ufizi kwa chombo kisicho safi. Wa mwisho apiga ramli, au apasua kuku, akasoma ndani yake jina la jirani. Majina yote haya yametolewa na hapana hata mmoja aliyetazama damu ya mtoto. Sisemi kwamba wote ni waongo. Bandama iliyovimba imevimba kweli, na aliyeishika ameshika kitu kilichopo. Lakini uvimbe ule ni shahidi ambaye hajaulizwa ametoka wapi.

Katika nchi hii, maradhi yaliyo mengi yenye sifa tulizozitaja ni yale yaitwayo selimundu, na watu wengi wa mjini huyaita siko seli. Chembe nyekundu ya damu katika mtu mwenye siha ni ya mviringo na laini, yapita katika mishipa iliyo myembamba kuliko nywele pasipo taabu. Katika mwenye selimundu, chembe hiyo ikiisha kutoa hewa iliyoichukua hukakamaa, ikapinda mfano wa mundu. Wavunaji wa mpunga hapa kwetu hawana haja ya kuelezwa mundu ni nini. Na wafikiri mfereji wa jaruba ulioingiwa na miundu mia iliyonasana: maji yatapitaje? Damu ikizuiliwa hivyo, kiungo kilicho mbele yake hukosa riziki yake, nacho hulia. Na kilio hicho ndicho maumivu ya mtoto. Tena chembe hizo hazina umri. Chembe nzima huishi siku zipatazo 120, na chembe mundu huvunjika katika siku 10 hadi 20. Kwa hivyo mtoto huyu ni mchache wa damu daima, na rangi itokayo katika chembe zilizovunjika huyatia macho yake manjano.

Wala lisidhaniwe kuwa ni jambo la nadra. Wanavyuoni wa tiba wa Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao, walipima damu za watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, damu zilizokusanywa katika miaka ya 2017 na 2018. Walikuta kwamba mtoto 1 katika kila 5 amebeba asili ya maradhi haya pasipo kuugua, na watoto wapatao 12 katika kila 1000 wanayo maradhi yenyewe. Kwa Tanzania nzima yakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Na yakadiriwa kwamba, katika Afrika, wale wasiotambuliwa wala kutibiwa hufa nusu yao au zaidi kabla ya kutimiza miaka 5. Wengi wa hao huzikwa kwa jina la homa, au la upungufu wa damu, au la uchawi.

Mtu akiuliza kwa nini yamekuwa mengi kwetu, jawabu lake ni la ajabu. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, Mwingereza aliyekulia Kenya, alitangaza aliyoyaona katika damu za watu wa Kenya na Uganda: aliyerithi asili hii kwa mzazi mmoja tu hukingika kwa kiasi kikubwa na ukali wa malaria. Basi katika nchi za mbu, wenye asili moja waliishi wakazaa, na asili ikaenea. Ama aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, huyo ndiye mgonjwa, naye malaria humwua upesi zaidi. Wako watu waliosikia nusu ya khabari hii wakasema mtoto wa selimundu hapatwi na malaria. Hilo ni kosa kubwa, na mtoto huyo ndiye wa kwanza kulazwa ndani ya chandarua.

Maandishi ya kwanza ya matabibu wa Magharibi juu ya maradhi haya ni ya mwaka 1910. Tabibu James Herrick wa Chicago alieleza damu ya kijana mmoja wa kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea utabibu wa meno. Na mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa. Lakini Waafrika waliyajua kabla ya hapo kwa sura yake. Tabibu Konotey-Ahulu wa Ghana alifuata khabari za jamaa zake mwenyewe, akawahesabu wagonjwa katika nasaba yao hata kufika mwaka 1670. Hapana hadubini kwao wakati huo. Palikuwa na wazee waliokumbuka nani aliumwa, na vipi, na mtoto wa nani.

Hapa ndipo penye kazi ya mzazi. Tabibu humwona mtoto kwa dakika chache, na huenda siku hiyo maumivu yamekwisha. Mzazi amemwona usiku na mchana tangu kuzaliwa. Shahidi mkubwa ni yeye, na shahidi asiyekumbuka tarehe hudhoofisha ushahidi wake. Nunua daftari la shule. Andika siku maumivu yalipoanza, kiungo gani, yalidumu siku ngapi, palikuwa na homa au hapana. Andika kama siku iliyotangulia alinyeshewa, au alioga maji baridi, au alikaa juani pasipo kunywa. Andika macho yalikuwa na rangi gani, na mkojo pia. Andika kila mara alipoongezwa damu, na wapi. Na andika jambo ambalo wengi huliona zito kulisema mbele ya mgeni: ndugu zake waliokufa wadogo, na walikufa wakiwa na dalili gani. Asiyejua kuandika, mtoto wake mkubwa au mwalimu wa chuo amwandikie.

Na ayatazame haya. Mtoto wa selimundu kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi ya kwanza, kwani bado anayo damu ya namna ya tumboni mwa mama, nayo haipindi. Hiyo ikipungua, kiasi cha miezi 6 na kuendelea, huvimba viganja na nyayo, pande zote mbili mara nyingi, akalia akishikwa. Ndiyo alama ya kwanza kwa wengi, nayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ameumwa na mdudu. Baadaye huja maumivu ya mifupa mirefu, na ya mgongo, na ya tumbo. Huja weupe wa viganja na ulimi, macho ya manjano, bandama kuvimba, na kukua polepole kuliko wenziwe.

Sasa tuseme juu ya ubaya ufanywao kwa kukosa ushahidi, nao ni wa namna mbili.

Wa kwanza ni kwa mama. Twasikia mume akisema: "Damu ya kwao ni mbaya, imeniharibia watoto," akamwacha mkewe. Mtoto hapati selimundu ila amerithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Kwa wazazi wawili waliobeba asili moja moja, kila mimba ina sehemu 1 katika 4 ya kuzaliwa mgonjwa, sehemu 2 ya kubeba kama wao, na sehemu 1 ya kusalimika kabisa. Wala si kwamba akizaliwa mmoja mgonjwa watatu wafuatao wamepona. Kila mimba huanza hesabu yake upya. Basi mume asemaye neno lile, akiwa mtoto ni wake, amejishuhudia nafsi yake pamoja na mkewe.

Wa pili ni kwa vikongwe, na huu umemwaga damu. Ni jambo linalojulikana, nalo ni aibu yetu sote tukaao Usukumani, kwamba wanawake wazee wa mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita wameuawa kwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi, na wengine alama yao ilikuwa ni macho mekundu. Mwanamke aliyepikia moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Tangu mwaka 1928 sheria ya nchi imekataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, katika siku zile za kuuawa ndugu zetu wenye ualbino. Lakini sheria haifiki kila uani. Mganga hutoa jina jioni, na kilio husikika usiku. Nasi twauliza kama aulizavyo kadhi: Ni shahidi gani aliyemwona bibi huyu akipinda chembe za damu ya mtoto? Kwani asili ya kupinda ilirithiwa tangu mimba, kabla bibi hajamjua mtoto jina lake. Hukumu ya kumsingizia mtu na ya kuua nafsi pasipo haki wasomaji wetu waijua, hatuna haja ya kuirudia hapa.

Tuje katika kipimo. Mzazi akifika kituo cha afya au hospitali aseme wazi: "Twataka mtoto huyu apimwe selimundu," na aonyeshe daftari lake. Asione haya kulitaja jina. Kipimo cha zamani na chepesi ni kutoa tone la damu, kulitia dawa iondoayo hewa, na kulitazama kwa hadubini kama chembe zitapinda. Lakini kipimo hiki chasema tu kwamba asili ya mundu imo. Hakimpambanui mgonjwa na yule aliyebeba asili tu. Mtu mmoja katika kila watano kwetu aweza kuonyesha alama hiyo na hana maradhi. Basi ataka kipimo cha pili, cha kuitenganisha rangi ya damu kwa umeme ili namna zake zionekane moja moja. Na siku hizi viko vipimo vidogo vya haraka, vya tone la damu juu ya kijiti, vinavyopambanua hayo kwa dakika chache. Ikiwa hapo ulipo hapana, omba barua ya kwenda mbele: katika hospitali kubwa za Shinyanga, na zaidi ya hapo Bugando, safari ya kilomita zaidi ya 150 kwenda Mwanza.

Yako mambo mawili yanayopoteza ushahidi wa kipimo. Mtoto aliyeongezwa damu karibuni, katika miezi mitatu iliyopita, kinachopimwa ni damu yake pamoja na damu ya mtu mwingine; basi mwambie mpimaji. Na mtoto wa chini ya miezi 6 kile kipimo cha kwanza chaweza kusema hapana, naye ni mgonjwa. Tena usiridhike kwa kuambiwa "ana malaria" ukadhani suali limekwisha. Malaria na selimundu hukaa katika mwili mmoja, na kuonekana kwa mwizi mmoja si dalili kwamba mwenziwe hayumo nyumbani.

Na kipimo kikisema hapana, hiyo ni kheri, lakini mtoto bado aumwa, na mlango wa uchunguzi haujafungwa. Hapa kwetu mtoto achezaye majarubani na malamboni hupata kichocho, akaumwa na tumbo na kukojoa damu. Kifua kikuu huingia katika uti wa mgongo pasipo kikohozi, mgongo ukauma kwa miezi kisha ukapinda. Usaha huingia ndani ya mfupa, mahali pamoja, na homa kali. Koo lililouma likaachwa huweza kufuatwa, baada ya wiki mbili au tatu, na viungo vinavyovimba kimoja baada ya kimoja. Na khatari yake ni moyo. Katika sehemu za Shinyanga maji ya visima yana madini ya floridi kupita kiasi, nayo hutia meno madoa na huweza kuharibu mifupa ya watoto. Yako na maradhi mabaya ya damu yenyewe, ya namna ya saratani, yajayo na maumivu ya mifupa, weupe, na kutoka damu puani na katika fizi. Ama maumivu ya miguu yote miwili yajayo jioni, asubuhi yakawa yamekwisha, pasipo homa wala uvimbe wala kuchechemea, hayo mara nyingi ni ya utoto tu, hupita.

Wako pia watoto ambao vipimo vyote hutoka safi, na wao wanaumwa. Usimwite mtoto huyo mwongo. Kukosekana kwa shahidi si ushahidi wa uongo. Kadhi akikosa bayyina hulisimamisha shauri, hampigi mdai fimbo. Apunguziwe maumivu, aandikwe katika daftari, arudishwe tena kwa tabibu kila hali inapobadilika.

Suali: Je, yafaa kumpeleka mtoto katika hospitali za Wakristo, na kuukubali usemi wa tabibu asiye Mwislamu?

Jawabu: Yafaa. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza Saad bin Abi Waqqas alipougua moyo kwa al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, na kusilimu kwake hakukuthibiti. Wanavyuoni wamefanya hiyo kuwa dalili ya kutaka msaada kwa mjuzi wa tiba hata akiwa wa dini nyingine. Na katika safari ya Hijra kiongozi wa njia hakuwa Mwislamu, alikuwa mjuzi wa njia. Kinachotazamwa ni ujuzi na uaminifu. Hospitali ya Kolandoto ni ya kanisa, na Bugando ina asili ya kanisa, na zote mbili zimewatibu Waislamu wa nchi hii miaka mingi. Aliyekaa na mtoto wake nyumbani kwa sababu ya msalaba ulio mlangoni ameshika jambo dogo akaacha kubwa.

Suali: Na kombe, na dua, na kuumika?

Jawabu: Dua haimzuii mtu njia, na aliyemsomea mtoto Fatiha ndani ya gari la kwenda Mwanza amefanya yote mawili. Kubaya ni kumweka mtoto siku saba kwa kombe ilhali apumua kwa shida. Mtu mzima aweza kuacha dawa kwa ajili ya nafsi yake, kwa kutawakali. Lakini mtoto ni amana, na walii hana ruhusa ya kutawakali kwa mifupa ya mwingine. Kuumika na kuchanja kumwondolea damu mtoto ambaye damu yake ni chache ni kumdhuru, hata kama kuumika ni dawa iliyopokewa, kwani dawa ya mmoja si dawa ya kila mmoja. Na amepokewa Mtume kwamba ajifanyaye tabibu, naye hajulikani kwa utabibu, hudhamini alichokiharibu. Wenzetu waandikao makombe waitazame sana mas'ala hii.

Nina neno hapa kwa walimu wa vyuo na madrasa, kwa kuwa watoto hawa wako mbele yetu kila siku. Mtoto wa selimundu figo zake hazishiki maji. Hunywa sana, huomba ruhusa mara nyingi, na huweza kukojoa kitandani akiwa mkubwa. Mwalimu asiyejua humhesabu mtoro. Aachwe anywe na atoke. Asichapwe, asisimamishwe juani, asitumwe kuchota maji mbali. Miezi ya Juni na Julai alfajiri ya Shinyanga ina baridi, na baridi huamsha maumivu. Maji ya udhu yamepashwe moto, na ikikosekana njia na ikakhofiwa madhara, kwa usemi wa tabibu mjuzi au kwa mazoea yaliyothibiti, mlango wa tayamamu upo wazi katika madhehebu yetu. Ama saumu, mtoto hajabalighi hailazimu juu yake. Huamrishwa kwa kuzoezwa akiwa aweza, na huyu kukaa na kiu ndiko kumtilia kuni maradhi yake. Akibalighi, na tabibu mwaminifu akasema yamdhuru, atafungua. Na maradhi yakiwa ni ya kutotarajiwa kupona atatoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku.

Je, kiko cha kumfaa mtoto huyu, au kujulikana kwa jina ni huzuni tu? Kiko. Hupewa foliki asidi ya kusaidia kutengeneza damu. Hupewa penisilini kila siku hata afikie miaka 5, kwa kuwa bandama yake haimlindi na vijidudu. Huchanjwa, na hulindwa na malaria. Dawa za chuma za kuongeza damu asipewe kwa kununuliwa dukani tu, kwani upungufu wake kwa kawaida hautokani na chuma, na aliyeongezwa damu mara nyingi chuma humzidi mwilini. Maumivu yakija, anyweshwe maji mengi, afunikwe, apewe dawa ya maumivu mapema, asikandwe kwa barafu. Yakishinda, hospitali wanazo zenye nguvu zaidi. Iko na dawa ya haidroksiurea, inayoirudisha ile damu ya namna ya utotoni isiyopinda. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Kongo na Angola, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba kwa watoto waliotumia dawa hiyo maumivu yalipungua, na kuongezwa damu, na malaria, na vifo. Dawa hiyo hutaka damu ipimwe mara kwa mara, basi isinunuliwe kwa kusikia. Muhimbili, Dar es Salaam, wameanzisha kazi ya kuwafuata wagonjwa hawa tangu mwaka 2004, na Profesa Julie Makani ni katika waliosimama mbele. Na tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kuwapandikizia watoto uboto kutoka kwa ndugu anayelingana nao. Hiyo ndiyo njia ya kuyaondoa maradhi yenyewe, lakini ina gharama na khatari, na si kila mtoto ana ndugu wa kulingana naye.

Yako ambayo hayangoji asubuhi: homa kali, kifua kuuma pamoja na kupumua kwa shida, mtoto kuwa mweupe ghafula na bandama kukua kwa siku moja, mkono na mguu wa upande mmoja kulegea au kinywa kupinda. Na kwa wavulana, uume kusimama kwa maumivu usilale. Jambo hilo huwaonea haya wakalificha, na kulificha kwa saa nyingi huleta ulemavu. Baba azungumze na mwanawe kabla halijatokea.

Suali la mwisho lililoletwa: Mtoto mmoja akithibiti, je, ndugu zake wapimwe, na kijana achumbiaye apimwe?

Jawabu: Ndugu zake wote wapimwe, hata wasioumwa, kwani mwingine huugua polepole asijulikane. Ama wachumba, kupima ni jambo jema nalo halibatilishi wala halisahihishi ndoa. Wakionekana wote wawili wamebeba asili, waambiwe hesabu ya sehemu 4 tuliyoitaja, kisha khiari ni yao. Wakioana, mtoto wao apimwe mapema baada ya kuzaliwa wala asingojewe avimbe mikono. Na jawabu la kipimo libandikwe katika lile daftari, ukurasa wa kwanza, ili kila tabibu ampokeaye alione kabla hajauliza.

Wallahu aalam.